Jinsi ya Kuhakiki Manga na Vitabu vya Katuni kwa Wasomaji Wadogo: Mwongozo Kamili kwa Walimu, Wazazi na Wakutubi wa Uganda

Watoto wa Kampala wanaijua manga, yaani vitabu vya katuni vya Japani, kuliko watu wazima wanaowalea. Mtoto wa P5 huko Nsambya au Katwe anaweza kukusimulia kisa cha Naruto pigano kwa pigano, na pengine hajawahi kushika juzuu yake hata moja. Amekipata kwenye kibanda cha video, au kwenye simu ya kaka yake, ambako kurasa zimepigwa picha na kupitishwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Mama yake akiona upanga na nywele zilizosimama anauliza: kitu hiki kinamfaa mwanangu? Hapati wa kumjibu. Mwalimu hajakisoma, na muuza vitabu ana haraka ya kuuza.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kumjibu mama huyo. Nauandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayokutanisha kambi za polisi, familia zilizotoka Goma na Bukavu, na wafanyabiashara wa Busia na Mpondwe, na wazazi hawa hawajaandikiwa uhakiki wa vitabu vya katuni. Msimamo wangu nautaja mapema: mada peke yake haifanyi kitabu kiwe salama wala hatari. Vita, kifo, mizimu, mtoto anaweza kusoma habari za hayo yote. Kinachoamua ni mkono wa mchoraji: ameonyesha nini, kwa ukaribu gani, na katika ukurasa unaofuata amemwacha mtoto na nini. Ndiyo maana kazi hii haina njia ya mkato. Lazima usome, tena ukitazama.

Hatua ya kwanza: jua unamwandikia nani

Vitabu vinavyotoka nje huandikwa umri kwa kudhani kwamba umri na darasa vinakwenda pamoja. Kwetu haviendi. Katika P4 moja utamkuta mtoto wa miaka tisa na mwingine wa kumi na nne. Huyu wa pili alipoteza miaka ya shule njiani, au alisoma kwa Kifaransa Kongo na sasa anaanza Kiingereza upya. Mtaala wetu unamfundisha mtoto kwa lugha ya eneo lake kuanzia P1 hadi P3 na kumhamishia Kiingereza P4, lakini shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza moja kwa moja. Ukimpa yule wa miaka kumi na nne kitabu cha watoto wa miaka saba kwa sababu Kiingereza chake ni chepesi, ataona umemdharau. Ukimpa cha rika lake, maneno yatamshinda na atakirudisha kimya kimya.

Kwa hiyo tenganisha vipimo viwili na uviandike katika kila uhakiki: umri ambao yaliyomo yanaufaa, na kiwango cha lugha kinachohitajika. Hapa ndipo manga inapotusaidia sana. Kurasa nyingi husonga kwa picha bila neno hata moja, hivyo vipo vitabu ambavyo kisa chake ni cha kijana wa miaka kumi na nne na Kiingereza chake hakizidi cha P4. Walimu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali wanavitafuta vitabu vya aina hii kuliko vingine vyote. Ukikipata kimoja, kitaje kwa herufi kubwa.

Hatua ya pili: pata kitabu chenyewe, na ujue umesoma kiasi gani

Usihakiki kwa kurasa za WhatsApp. Nyingi zimefasiriwa na mashabiki, sura zinaruka, na tovuti zinakotoka mara nyingi zimezungukwa na matangazo ambayo hungependa mtoto ayaone. Huwezi kumdhaminia mzazi kitu ambacho mwenyewe umekiona vipande vipande. Kampala unaweza kuanzia maduka ya vitabu kama Aristoc, halafu wauza vitabu vya mitumba, ambao wakati mwingine wana juzuu moja moja za manga na vitabu vya Kifaransa vilivyoletwa na wasafiri. Kwenye simu ipo programu ya MANGA Plus ya kampuni ya Shueisha ya Japani, iliyofunguliwa Januari 2019. Inakupa bure na kwa halali sura za mwanzo na za karibuni za hadithi zake nyingi, kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine. Inatosha kukuonyesha kama kitabu kinastahili kutafutwa, lakini haitoshi kuhakiki mfululizo mzima.

Mfululizo ndio unaowatega wahakiki wengi. Juzuu moja ya manga huwa na kurasa karibu 200, na hadithi moja inaweza kuendelea kwa miaka. Naruto ilianza 1999 ikaisha 2014, juzuu 72. One Piece ilianza 1997 na imepita juzuu 100. Hakuna anayekudai uzisome zote kabla ya kuandika, ila andika waziwazi: "Nimesoma juzuu ya 1 hadi ya 6." Usihukumu ya 40 kwa kuisoma ya 2.

Wala usidhani kwamba mambo mazito huja mwishoni tu. Dragon Ball ya Toriyama Akira, iliyotoka kati ya 1984 na 1995, ina mizaha yake michafu zaidi mwanzoni kabisa: mzee anayechungulia wasichana, mizaha ya nguo za ndani. Mzazi anayekagua juzuu za mwisho pekee ataona mapigano, ataridhika, atanunua ya kwanza, na ndiyo itakayomshtua. Mhakiki mzuri humwambia habari hiyo kabla hajafungua pochi.

Hatua ya tatu: soma lebo, kisha iweke pembeni

Nchini Japani hadithi hutoka kwanza katika jarida, na kila jarida lina wasomaji wake: kodomo kwa watoto wadogo, shonen kwa wavulana, shojo kwa wasichana, seinen kwa wanaume watu wazima, josei kwa wanawake. Watu huyachukua majina haya kama kipimo cha usalama, kumbe yanaeleza soko tu. Attack on Titan ya Isayama Hajime ilitoka 2009 hadi 2021 katika jarida la shonen, na ndani yake majitu hutafuna watu wakiwa hai. Chi's Sweet Home ya Konami Kanata ilitoka katika Morning, jarida la wanaume watu wazima, nayo ni kisa cha paka mdogo aliyepotea na familia iliyomwokota. Ukipanga rafu ya shule kwa majina hayo, mtoto wa P3 atapata majitu na kunyimwa paka.

Alama za wachapishaji zina msaada zaidi. Viz Media, kwa mfano, huweka A kwa umri wote, T kwa miaka 13 na kuendelea, T+ kwa miaka 16 na kuendelea, na M kwa watu wazima. Zitazame nyuma ya jalada na uzinukuu. Lakini kumbuka zimewekwa kwa kuwafikiria wazazi wa Marekani. Kwa maoni yangu ni kali kwa matusi na mwili ulio wazi, na ni legevu kwa dharau dhidi ya watu weusi na kwa mizaha inayomfanya msichana kitu cha kuchezewa. Kazi ya kuyaona hayo ni yako.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kila mhakiki anapaswa kukijua. Mwaka 1954, baada ya wazazi na wanasiasa kupaza sauti, wachapishaji wa vitabu vya katuni walijiwekea kanuni ndefu ya yaliyokatazwa, na kitabu kilichopita kilipewa muhuri. Mwaka 1971 wachapishaji wa Marvel walitengeneza matoleo matatu ya Spider-Man yanayowaonya vijana juu ya dawa za kulevya, na wazo lilikuwa limetoka serikalini. Muhuri ulikataliwa, kwa sababu wasimamizi wa kanuni hawakuruhusu dawa za kulevya kuonekana, hata kwa kuonya. Wakachapisha bila muhuri. Hivyo ndivyo orodha ya mada zilizokatazwa inavyofanya kazi: inazuia onyo pamoja na kishawishi, kwa kuwa haitazami picha.

Hatua ya nne: soma mara mbili

Mara ya kwanza soma bila kalamu, kama mtoto anavyosoma, haraka na kwa hamu. Ukimaliza, andika mistari michache tu: ulipocheka, ulipoogopa, ulipochoka. Hisia hiyo ya kwanza haitarudi tena, na uhakiki usio nayo husomeka kama ripoti ya ukaguzi wa stoo.

Mara ya pili ndiyo kazi. Chukua daftari, na kwa kila jambo la kutajwa andika namba ya ukurasa, kisanduku kipi, na kinachoonekana. Kinachoonekana, siyo unachokidhani. "Uk. 84, chini: mvulana anapigwa ngumi, damu mdomoni, mwalimu anaona na kuondoka." Sentensi kama hiyo itakusaidia mzazi akikuuliza miezi sita baadaye.

Anza kwa kujua upande wa kusoma. Manga nyingi zilizofasiriwa siku hizi zimeachwa kama zilivyo Japani: jalada la mbele liko mahali tulipozoea kuona la nyuma, na visanduku husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini. Watoto waliopita madrasa hawapati shida, kwa sababu mkono umeshazoea msahafu. Wengine waonyeshe kwa kidole kurasa mbili tatu, basi. Matoleo ya zamani ya Kiingereza mengi yaligeuzwa kama kwenye kioo ili yasomwe kuanzia kushoto, na matokeo yake watu wote wakawa wanatumia mkono wa kushoto, wanakula na kupokea kwa mkono huo. Kwa mtoto wetu aliyefundishwa kwamba mkubwa hapewi kitu kwa mkono huo, picha hiyo inasema jambo ambalo mchoraji hakulisema. Andika kama toleo limegeuzwa.

Sasa tazama visanduku. Mchoraji ana njia nyingi za kueleza kifo kimoja. Mmoja anainua upanga katika kisanduku cha kwanza, na cha pili kinaonyesha ndege wakiruka kutoka mtini. Kifo kimetokea katika nafasi nyeupe iliyo kati, na mtoto wa miaka minane ataijaza nafasi hiyo kwa kadiri anavyoweza kuhimili. Mwingine anatumia kurasa mbili zilizofunguka kuonyesha jeraha lenyewe, kila mshipa umechorwa. Ukihesabu vifo, vitabu hivi viwili ni sawa. Ukiwa mhakiki unajua vimeachana mbali, na inakupasa kueleza kwa maneno ambayo mzazi asiyekiona kitabu atayaelewa: ukubwa wa kisanduku, ukaribu wa jicho, kama tunaona uso wa anayeumia, kama kuna anayemlilia. Hilo la mwisho mimi nalipa uzito kuliko damu. Kitabu ambacho watu wanakufa na hakuna anayeomboleza kinamfundisha mtoto kwamba kifo ni cha kupita tu. Kitabu chenye damu kidogo na msiba wa kweli kinamfundisha lingine.

Tazama pia kama kitabu kinasomeka. Macho yanajua pa kwenda? Mapigano mengi yamejaa mistari ya kasi hadi huelewi nani amempiga nani, na msomaji mchanga hukata tamaa hapo. Sauti za Kijapani zilizochorwa ndani ya picha zimeachwa bila tafsiri? Wahusika wanatofautishika, au wote wana uso mmoja na nywele tofauti?

Halafu zipo ishara ambazo mtu mzima asiyezijua atazisoma vibaya. Tone kubwa la jasho kichwani ni aibu. Puto puani ni usingizi. Damu inayotoka puani mwa mwanamume, bila kupigwa na mtu, ni mzaha wa tamaa ya mwili: kamwona msichana mrembo. Mzazi ataona damu na kufikiri ni ugomvi, mtoto aliyezoea manga ataelewa mara moja, na mhakiki aliyenyamaza atakuwa amewaacha wote wawili.

Hatua ya tano: yanayowagusa wazazi wetu

Mwili. Si lazima kitabu kiwe cha wakubwa ili kiwe na la kutajwa. Doraemon, iliyoanza kutoka mwishoni mwa 1969, ni hadithi ya watoto wadogo hasa, yenye upole na ubunifu ambao nauheshimu sana. Bado ina mzaha unaorudi mara kwa mara wa mvulana kumkuta rafiki yake wa kike bafuni. Familia moja itacheka, nyingine itafunga kitabu. Wewe taja, onyesha ukurasa, na useme unavyouona. Mimi ningempa mtoto wa P4 na kuzungumza naye kuhusu kubisha hodi.

Mizimu na miungu. Manga imejaa viumbe wa imani za Kijapani, na nyumba nyingi za walokole na za Waislamu hapa hazitaki mchezo na mambo hayo. Usiandike fatwa na usiandike mahubiri. Eleza kiumbe anafanya nini: ni kichekesho, ni adui, ni roho ya babu inayolinda kijiji, au kuna mtu anayefundishwa namna ya kumwita? Hili la mwisho ndilo wazazi wengi watakalotaka kulijua, na ukilieleza bila kejeli watakuamini hata katika mengine.

Vita. Hapa tuwe waangalifu kuliko wahakiki wa nchi nyingine, kwa sababu darasani tunao watoto waliokimbia risasi wenyewe. Barefoot Gen ya Nakazawa Keiji, iliyoanza 1973, inasimulia bomu la Hiroshima, na mwandishi aliokoka bomu hilo akiwa na miaka sita. Picha za watu ngozi ikiwadondoka ni ngumu kutazama. Hata Japani kwenyewe walibishana: shule za mji wa Matsue ziliambiwa kukiondoa kwenye rafu za wazi, na mwaka 2013 agizo likafutwa baada ya malalamiko. Nakiona ni kitabu kikubwa. Ningekipendekeza kwa S2 kwenda juu, kisomwe na mtu mzima akiwa karibu, na nisingekiacha rafuni mahali ambapo mtoto aliyetoka Ituri atakiokota peke yake.

Picha yetu wenyewe. Familia za Kikongo zilizokulia kwenye vitabu vya katuni vya Kifaransa zinamfahamu Tintin, na kitabu cha safari yake ya Kongo cha 1931 bado kinauzwa. Weusi wamechorwa kama watoto wajinga wenye midomo minene wanaomsujudia mgeni. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyekuwa akisoma Ubelgiji alikifikisha mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ikakataa kukizuia. Sitaki kizuiwe. Nataka uhakiki wake useme hasa kilivyo: ni ushahidi wa jinsi wakoloni walivyotutazama, unaofaa somo la historia sekondari, na haufai kuwa zawadi ya mtoto wa miaka nane. Hata Tezuka Osamu, ambaye Astro Boy yake ya 1952 ni miongoni mwa misingi ya manga yote, ana picha za weusi za aina hiyo katika baadhi ya hadithi zake, na toleo la Kiingereza la Dark Horse lina maelezo mwanzoni kuhusu jambo hilo. Soma maelezo hayo na umwambie mzazi yapo.

Pombe na sigara zinahitaji sentensi moja tu, ila ukiona kitabu kinazifanya kuwa alama ya ujasiri, ongeza ya pili.

Hatua ya sita: wape watoto

Uhakiki wa kitabu cha watoto ulioandikwa bila mtoto hata mmoja una pengo. Omba ruhusa ya wazazi kwanza, chagua watoto wachache wa umri na shule tofauti, na uwape kitabu bila hotuba. Kisha kaa mbali kidogo na utazame. Nani amerudi nyuma kurasa mbili? Nani anasoma kwa sauti na kuigiza? Nani ameruka mapigano yote kutafuta mahali mbuzi alipotokea?

Usiwaulize kama wamekipenda. Watoto wetu wamelelewa kumheshimu mkubwa, watajibu "ndiyo, mwalimu" na hutajifunza lolote. Sema hivi: "Nionyeshe ukurasa unaoukumbuka." Au: "Ungempa nani kitabu hiki, na nani usingempa?" Mtoto wa miaka kumi anapokwambia hatampa mdogo wake kwa sababu "atamwota yule mtu," umepata kipimo cha umri kilicho bora kuliko alama yoyote ya jaladani. Maneno kama hayo yanukuu, bila jina la mtoto wala shule yake.

Mtoto akinyamaza ghafla au akifunga kitabu, usimdadisi mbele ya wenzake. Mwache. Andika ukurasa aliofikia, na baadaye uzungumze na mlezi wake.

Jaribio hili linafichua pia vichekesho visivyosafiri na vile vinavyosafiri vizuri ajabu. Akissi, hadithi za msichana mtundu wa Abidjan zilizoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Mathieu Sapin, zina kisa cha nyani wake mdogo anayekaribia kuishia kwenye kikaango. Mtoto wa kijijini anacheka hadi machozi. Mtoto wa mjini aliyefuga mnyama anaweza kulia. Wote wawili wamesoma sawasawa.

Hapo niseme neno kuhusu kazi za Afrika, kuanzia katuni za kandanda za Supa Strikas kutoka Afrika Kusini hadi michoro ya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Zihakiki kwa kipimo kilekile. Usimpe mchoraji alama za huruma kwa kuwa ni wetu, na usimdai awe kama Wajapani. Mchoro ukiwa dhaifu sema. Mtoto ataliona hata ukificha, na siku nyingine hatakuamini.

Hatua ya saba: andika

Fungua kwa vitu ambavyo mzazi anavitafuta akiwa amesimama dukani: jina, mwandishi na mchoraji, juzuu ulizosoma, lugha ya toleo, rangi au nyeusi na nyeupe, upande wa kusoma, kinapatikana wapi, na bei kama uliilipa mwenyewe. Mistari mitatu. Kisha kisa chenyewe kwa ufupi, bila kufichua mwisho. Kisha hukumu yako juu ya sanaa: mchoro, mwendo, wahusika. Usiiruke. Wahakiki wa vitabu vya watoto wana tabia ya kuorodhesha hatari na kusahau kusema kama kitabu ni kizuri, na mtoto hasomi kitabu kwa sababu tu hakina hatari.

Yaliyomo mazito yaweke katika aya ya peke yake mwishoni, yenye onyo kwamba inafichua kisa. Mtoto anayetaka kukisoma ataishia juu yake, mzazi ataendelea.

Epuka sentensi ambazo zingeweza kuandikwa kwa kitabu chochote. "Kitabu hiki kina mafunzo mengi na kitawafurahisha watoto" haisemi kitu. Linganisha na hii, niliyoiandika kuhusu A Silent Voice ya Oima Yoshitoki:

"Juzuu saba, nyeusi na nyeupe, kulia kwenda kushoto. Kiingereza cha P6, yaliyomo kwa S1 na kuendelea. Msichana kiziwi anahamia shule mpya akiwa na daftari la kuzungumzia. Darasa linamcheka, na mvulana mmoja anaongoza mateso hadi vifaa vyake vya kusikia vinaharibiwa. Miaka inapita, mvulana huyo anajifunza lugha ya alama na kumtafuta. Mchoraji anaonyesha uziwi kwa viputo visivyosomeka vizuri, ili msomaji naye akose neno. Mikono imechorwa kwa uangalifu mkubwa. Mapenzi yapo kidogo, damu ni kidogo. Kwa wazazi, aya inayofuata inafichua kisa: mvulana anafikiria kujiua, na katika juzuu za baadaye msichana anajaribu kweli. Halifanywi zuri wala la kishujaa, na familia inaonyeshwa ikiumia. Usimpe kijana anayepita katika hali hiyo bila kuwa naye karibu. Kwa darasa lenye mwanafunzi kiziwi, sijui manga nyingine ambayo ningeiweka mbele ya hii."

Katiba yetu ya 1995 inataka lugha ya alama iendelezwe, na shule zetu zina watoto viziwi, kwa hiyo sentensi ile ya mwisho inamhusu mwalimu wa hapa. Kila uhakiki uwe na walau sentensi moja ya namna hiyo, inayokiunganisha kitabu na mtoto anayejulikana kuwepo.

Kuhusu nyota na alama za kumi kwa kumi, mimi sizitumii. Mzazi huishia kwenye namba na kuacha maelezo. Andika umri na sababu: "Miaka 11 na kuendelea, kwa sababu ya uk. 112." Na ukisema kinafaa umri wote, uwe umehakikisha kwamba mtu mzima pia atakisoma kwa raha yake mwenyewe. Kitabu kinachomfaa mtoto wa miaka mitano pekee ni cha watoto wadogo, nacho ni heshima tosha.

Picha zitumie kwa kiasi. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inaruhusu kunukuu kazi iliyochapishwa kwa haki na kwa kadiri inayohitajika, mradi umtaje mwenye kazi. Visanduku viwili vitatu vinavyothibitisha hoja yako vinatosha, na jina la mchoraji liandikwe chini ya kila kimoja. Kupiga picha sura nzima na kuituma kwa wazazi wa darasa ni kusambaza kitabu cha mtu, hata kama nia yako ni njema.

Hatua ya nane: rudi kwenye uhakiki wako

Weka tarehe, na uache nafasi. Mfululizo ukiendelea, soma juzuu mpya na uongeze chini: "Juzuu ya 7 na ya 8: mapigano yamekuwa makali, napandisha umri hadi 13." Usifute ulichoandika kwanza, kwa sababu yupo mzazi aliyenunua kwa kukitegemea na anastahili kuona kilichobadilika. Toleo likibadilika pia rekebisha, maana wachapishaji huondoa kurasa, hubadili tafsiri, au hugeuza upande wa kusoma. Na mzazi akikuletea malalamiko, mwombe akuonyeshe ukurasa, mfungue kitabu pamoja, kisha mlinganishe na namba zilizomo katika daftari lako.